Kujitolea Nako Kunahitaji Shule: Somo Kutoka kwa Waongoza Ndege wa Mtandaoni



Safari hii tunapenda kuzungumza nanyi juu ya watu wanaoongoza ndege bila kulipwa hata senti moja, na ndege zenyewe hazipo. Wako wengi duniani kote. Jioni, baada ya kazi au masomo, mmoja wao anawasha kompyuta, anavaa hedifoni, anajitangaza kuwa ndiye mnara wa uwanja fulani, na kwa saa mbili au tatu anawaongoza marubani ambao nao wamekaa majumbani mwao mbele ya kompyuta zao. Anawapa kibali cha kuwasha injini, cha kusogea hadi kwenye njia ya kurukia, cha kuruka, kupanda, kushuka na kutua. Hakuna abiria, hakuna mafuta yanayoungua, na akikosea hakuna atakayekufa. Hata hivyo, kabla ya kuruhusiwa kukaa pale, mtu huyo amesoma, amefundishwa, amepimwa kwa mtihani na amesahihishwa mara nyingi.

Mwamini wa Rugu anaweza kuuliza: habari hizi zinatuhusu nini sisi wenye migomba yetu, kahawa yetu na vigango vyetu? Zinatuhusu kwa sababu Kanisa letu pia linaendeshwa na watu wanaojitolea. Katekista anayeongoza ibada ya Dominika pale ambapo padre hajafika, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mwalimu wa kwaya, mtunza hazina wa kigango, mama wa WAWATA anayemtembelea mgonjwa, kijana wa VIWAWA anayewafundisha watoto sala: wengi wa hawa hawana mshahara. Wakikaa chini wote kwa mwezi mmoja, parokia itasimama.

Basi swali letu ni hili. Kama watu wanaojitolea kwa ajili ya ndege za kuigiza wanakubali kufundishwa, kupimwa na kusahihishwa, kwa nini sisi tunaojitolea kwa ajili ya roho za watu tunaona mambo hayo kuwa ni dharau? Mara ngapi tumesikia mtu akisema, "Mimi najitolea tu, msinisumbue"? Maoni yetu ni kwamba neno hilo "tu" linaliumiza Kanisa. Anayejitolea ana wajibu uleule wa kujifunza alio nao anayelipwa, kwa sababu yule anayehudumiwa ni yuleyule.

Mtandao wenyewe ukoje

Michezo ya kurusha ndege kwenye kompyuta si mipya. Microsoft Flight Simulator ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, na ipo mingine kama X-Plane na FlightGear, ambayo hii ya mwisho hutolewa bure. Kwa miaka mingi mchezaji alikuwa peke yake angani. Intaneti ilipoenea, wapenzi wa ndege walitaka kuruka pamoja, na mara wakagundua kwamba ndege nyingi zikiwa pamoja bila mwongozaji ni vurugu. Ndipo ikaundwa mitandao yenye marubani na waongozaji: IVAO mwaka 1998 na VATSIM mwaka 2001. Hadi leo yote miwili inaendeshwa na watu wanaojitolea, na kujiunga ni bure. VATSIM inapokea mtu kuanzia umri wa miaka 13.

Dunia nzima imegawanywa katika maeneo, kama majimbo ya Kanisa yanavyogawanywa, na kila eneo lina viongozi na wakufunzi wake. Tanzania iko katika kitengo cha Afrika Kusini mwa Sahara. Viwanja ni vilevile vya kweli na vinaitwa kwa herufi nne zinazotumika katika usafiri wa anga: HTDA ni Julius Nyerere pale Dar es Salaam, HTKJ ni Kilimanjaro, HTMW ni Mwanza, na HTBU ni Bukoba yetu, uwanja ulio ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Ukivuka mpaka, HRYR ni Kigali na HUEN ni Entebbe.

Jambo moja tuliseme mapema kwa ajili ya vijana wa Karagwe na Kyerwa wanaodhani haya ni ya matajiri. Ni kweli kwamba rubani wa mtandaoni anayetaka picha nzuri anahitaji kompyuta yenye nguvu. Mwongozaji hahitaji hivyo. Kioo chake kina mistari ya ramani na vialama vidogo vyenye namba: jina la ndege, kimo chake na mwendo wake. Kompyuta mpakato ya kawaida, hedifoni yenye kipaza sauti na intaneti isiyokatikakatika vinatosha, na programu zenyewe hazinunuliwi. Kinachogharimu ni muda wa kujifunza.

Tuseme pia kwamba haya hayachanganywi na kazi halisi. Ndege za kweli nchini zinaongozwa na waongozaji walioajiriwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, waliosoma katika vyuo na kupewa leseni. Aliyehitimu mtandaoni hawezi kwenda Bukoba au Mwanza akadai kiti mnarani. Ni mchezo, na wenyewe wanajua ni mchezo. Kinachotugusa ni kwamba wanaucheza kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyofanya kazi za kweli.

Ngazi inapandwa hatua kwa hatua

Anayejiunga na VATSIM hapewi kiti cha kuongoza siku ya kwanza. Huanza kwa kujisomea na kufanya mtihani wa nadharia. Akifaulu, anapangiwa mwalimu, ambaye naye anajitolea. Mwalimu anakaa naye kwa sauti, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, anamtazama akiwaongoza marubani, anamwacha akosee pale ambapo kosa halina madhara, kisha anamrudisha nyuma: hapa ulitoa maelekezo mawili kwa mara moja, hapa ulimsahau aliyekuwa akisubiri, hapa ulimjibu mgeni kwa ukali.

Madaraja yana mpangilio. Daraja la kwanza, S1, linamruhusu kushughulika na ndege zilizo chini uwanjani. S2 linampandisha mnarani, ambako anatoa kibali cha kuruka na kutua. S3 linampa ndege zinazokaribia na zinazoondoka uwanjani. C1 linamkabidhi anga pana, ambapo ndege ziko juu na safari ni ndefu. Kila hatua ina mafunzo yake na mtihani wake, na mtihani wa vitendo hufanyika ndege zikiwepo, mtahini akisikiliza. Anayeshindwa anaambiwa sababu, anarudi kwa mwalimu, anajaribu tena. Hakuna anayeruka ngazi kwa sababu mjomba wake ni kiongozi, wala kwa sababu ana sauti nzuri.

Mafrateri wanaosoma makala hii wamekwisha kuona tunakoelekea. Seminari nayo ina hatua zake: falsafa, teolojia, usomaji, utumishi wa altare, ushemasi, kisha upadre. Kila hatua ina walezi wanaotazama na kusema kweli, hata kweli inayouma. Hatumkabidhi kijana kalisi kwa sababu tu ana moyo mwema. Lakini tukitoka seminarini na kuingia kigangoni, mara nyingi utaratibu huo tunauacha mlangoni. Mwenyekiti mpya wa jumuiya anachaguliwa Jumamosi, na Jumamosi inayofuata anatakiwa kusuluhisha ugomvi wa ndoa ambao hata padre mwenye uzoefu angeuogopa. Msichana aliyepata kipaimara mwaka jana anapewa watoto arobaini wa Komunyo ya Kwanza, na kitabu kimoja kilichochanika. Tunaita kumwamini. Tunaona ni kumtupa majini.

Maandiko yanatupa mfano mzuri zaidi. Kijana Samweli alisikia akiitwa usiku, akainuka mara tatu akidhani anaitwa na mzee Eli. Alikuwa na utayari wote, miguu yake ilikuwa myepesi, lakini hakujua sauti ile ni ya nani. Eli ndiye aliyetambua na kumfundisha namna ya kujibu. Eli mwenyewe alikuwa mzee, macho yake yamefifia, na nyumba yake ilikuwa na matatizo yake. Bado Samweli alimhitaji. Wito bila mlezi unaweza kubaki mbio za usiku kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Neno linalorudiwa

Sehemu ya mafunzo hayo inayotuvutia kuliko zote ni nidhamu ya maneno. Mwongozaji anasema kwa ufupi, kwa mpangilio uleule, kwa maneno yaleyale yanayojulikana na wote. Rubani akipewa maelekezo hasemi "sawa" wala "nimeelewa" peke yake. Anayarudia: kimo alichoambiwa, njia aliyopewa, jina la ndege yake. Mwongozaji naye hanyamazi baada ya kusema. Anasikiliza jinsi neno lake linavyorudi. Likirudi limepinda, analinyoosha hapohapo. Kazi yake haijaisha mpaka ahakikishe kwamba kilichosikika ndicho kilichosemwa.

Utaratibu huu umelindwa kwa gharama ya damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, ziligongana kwenye njia ya kurukia huku ukungu umetanda. Watu 583 walikufa. Nahodha wa KLM alianza kuruka kabla ya kupewa kibali. Maneno yaliyotoka katika ndege yake wakati huo yangeweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba wapo tayari kuruka, au kwamba wanaruka. Mnarani waliitikia kwanza kwa neno la kawaida la kukubali, na maelekezo yaliyofuata yaligongana redioni na sauti ya ndege ya pili, hayakusikika vizuri. Baada ya hapo kanuni za dunia nzima zilikazwa: neno la kuruka lenyewe linatamkwa pale tu kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa, kabla ya hapo hutumika neno lingine. Kijana anayejifunza kuongoza ndege za kuigiza leo anafundishwa kanuni hiyohiyo, ingawa kwenye kioo chake hakuna roho ya mtu.

Sasa tujiulize namna tunavyopashana habari kanisani. Tangazo linasomwa mwishoni mwa Misa, haraka, watu wameshaanza kuinuka. Jumuiya moja inaelewa mchango ni wa Dominika ijayo, nyingine inaelewa ni wa mwisho wa mwezi. Wazazi wanasikia semina ya ubatizo ni saa tatu, katekista alimaanisha saa nane. Kisha tunalaumiana kwamba waamini hawasikii. Nani alisikiliza neno lake likirudi? Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya tarumbeta yenye mlio usioeleweka, kwamba haiwezi kumwandaa askari yeyote. Padre anayehubiri, katekista anayefundisha na kiongozi anayetangaza wangefanya vema kuuliza mara kwa mara: "Hebu niambieni, mmesikia nini?" Ni swali la unyenyekevu, maana jibu lake linaweza kutuonyesha kwamba tatizo halikuwa masikio ya watu.

Na katika kitubio, katika ushauri wa ndoa, kando ya kitanda cha mgonjwa, nidhamu hii inageuka kuwa upendo. Kumrudishia mtu alichokisema, kwa upole, ili ahakikishe umemwelewa, ni kumwambia kwamba neno lake limefika.

Anga lisilo na mwongozaji

Tusidhani mtandao huo ni mbingu. Ukiufungua usiku wa kawaida utaona Ulaya na Marekani kuna waongozaji wengi, lakini juu ya Afrika mashariki mara nyingi hakuna mtu. Sababu zinaeleweka: umeme, intaneti, bei ya vifaa, na ukweli kwamba vijana wengi hawajawahi kusikia kitu hicho. Rubani wa kuigiza anayetoka Nairobi kwenda Dar es Salaam anaweza kusafiri safari nzima bila kusikia sauti ya mwongozaji.

Kwa hali hiyo mtandao una utaratibu. Pasipo mwongozaji, marubani kwa kawaida hutumia masafa ya pamoja, 122.800. Kila mmoja anatangaza mwenyewe: nipo hapa, kimo changu ni hiki, nakusudia kutua upande huu. Wanapishana kwa heshima. Aliye na uzoefu humsubiri mgeni. Kutokuwepo kwa mwongozaji hakumpi mtu ruhusa ya kuruka anavyotaka. Kunamwongezea kila mmoja wajibu wa kusema alipo na kusikiliza wengine walipo.

Waamini wa vigango vya mbali wanaielewa hali hii bila maelezo. Padre ana vigango vingi, barabara za milimani wakati wa masika tunazijua, na Dominika nyingi altare haina Misa. Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zinapokuwa masafa ya pamoja. Nyumba ya fulani kuna msiba. Mzee fulani hajaonekana wiki mbili. Mtoto wa fulani ameacha shule. Jumuiya inayotangaziana na kusikilizana inaweza kukaa muda mrefu bila padre na isigongane. Jumuiya iliyonyamaza, hata ikiwa jirani na nyumba ya mapadre, itagongana tu.

Lakini tusijifariji mno kwa mfano huo. Masafa ya pamoja ni utaratibu wa kusubiri mwongozaji, na kila rubani hufurahi anaposikia mnara umefunguliwa. Vijana wa Karagwe na Kyerwa wanaosoma haya, wajiulize kama hawaitwi kukaa mahali palipo wazi: katika seminari, katika utawa, katika ukatekista, au hata katika vyuo vya usafiri wa anga, maana nchi inahitaji waongozaji wa kweli pia.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema: huu ni mchezo wa kupoteza muda, na nyinyi mnawapa vijana ruhusa ya kukesha kwenye kompyuta. Hoja hiyo ina uzito. Chochote kinachomnyima kijana usingizi, sala, masomo na kazi za nyumbani ni adui yake, hata kikiwa na jina zuri. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na michezo yake, na inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya michezo kwa wiki. Ujuzi wake wa kompyuta aliutumia kutengeneza maonyesho ya mtandaoni juu ya miujiza ya Ekaristi. Mfano wake unatosha. Kwa mafrateri tunasema wazi: ratiba ya seminari inatangulia, na ruhusa ya walezi haitafutwi baada ya tendo.

Pia tutazame watu wanaoufanya mchezo huu kuwa zaidi ya mchezo. Kila mwaka lipo tukio liitwalo WorldFlight, ambapo timu za wapenzi wa ndege huizunguka dunia kwa kuigiza katika muda wa wiki moja, zikiongozwa na waongozaji wa VATSIM wa kila eneo, huku wakichangisha fedha kwa ajili ya kazi za hisani. Huko Australia michango imekwenda kwa Royal Flying Doctor Service, shirika linalopeleka madaktari kwa ndege katika maeneo yasiyofikika kirahisi. Kitu kilichoanza kama burudani kimeweza kumgusa mgonjwa wa kweli.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nasi wa Kagera hatuwezi kuikwepa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 iliangukia Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba. Watu 19 walipoteza maisha, na 24 walinusurika. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Hawakuwa na cheti cha uokoaji, wala hakuna aliyewafanyia mtihani. Mtu anaweza kutuambia: mnaona? Upendo hauhitaji shule. Mngewangoja hao wafaulu mitihani, nani angeokolewa?

Tunawaheshimu wavuvi wale, na tunaendelea kuwaombea marehemu na familia zao. Lakini tunaomba tutazame vizuri. Wavuvi wale walikuwa na shule, nayo ilikuwa ziwa lenyewe. Tangu utoto walijua mtumbwi unavyokaa kwenye mawimbi, walijua kupiga kasia upepo ukiwa mbaya, walijua kuogelea. Mtu mwenye moyo kama wao, lakini asiyejua maji, angekuwa mtu mwingine wa kuokolewa siku ile. Ujasiri wao ulipata mikono iliyokwisha kufundishwa. Ndicho tunachotaka kwa makatekista wetu, kwa viongozi wetu na kwa mapadre wetu: siku ya dhiki itakapofika ghafla, ikute mikono inayojua la kufanya.

Na hoja ya tatu: parokia haina fedha za mafunzo. Kwa hili waongozaji wa mtandaoni wanatuaibisha kidogo. Mwalimu wao halipwi. Mtahini halipwi. Aliyefundishwa jana anamfundisha mwingine kesho. Katika vigango vyetu wapo walimu wastaafu, makatekista wazee, wauguzi, wahasibu, watu walioongoza vyama vya ushirika vya kahawa. Elimu ipo. Tunachokosa ni mtu wa kuwaita na kupanga siku.

Hata hivyo, kujitolea kusigeuzwe kisingizio cha kumtumia mtu bila kumjali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, uliomba shule za makatekista ziongezwe, na ukaomba pia makatekista wanaoitumikia kazi hiyo muda wote wapate riziki ya haki. Tarehe 10 Mei 2021, Baba Mtakatifu Fransisko kwa barua ya Antiquum Ministerium aliuweka rasmi ukatekista kuwa huduma ya kilei katika Kanisa, akitaka wanaopewa huduma hiyo wawe na malezi yanayofaa katika Biblia, teolojia, uchungaji na ualimu. Kanisa limekwisha kusema. Kazi iliyobaki ni ya parokia na vigango.

Tunapendekeza nini

Tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa kigango cha kawaida.

Kwanza, asipewe mtu huduma kabla ya kukaa na aliyeitangulia. Mwenyekiti mpya wa jumuiya akae na wa zamani kwa muda, amtazame akiongoza, kisha aongoze yeye huku wa zamani akimtazama. Hata kahawa zetu hatumpi mgeni akate matawi bila kumwonyesha tawi la kuacha na tawi la kuondoa. Mti wa kahawa ukikatwa vibaya unapoteza misimu. Mtoto aliyefundishwa imani vibaya anapoteza zaidi.

Pili, tupimane. Katekista anayewaandaa watoto asikilizwe darasani na mwenzake mara moja kwa muhula, kisha waketi wawili wazungumze bila watu. Frateri aliye likizo anayehubiri katika ibada aombe watu wawili wa kawaida, mmoja awe bibi asiyesoma, wamwambie walichosikia. Kusahihishwa na wanaokupenda ni zawadi.

Tatu, tujifunze kukabidhi. Mwongozaji anapomaliza zamu hazimi tu kompyuta na kuondoka. Anayempokea anaelezwa kila ndege iko wapi, imeahidiwa nini, na ipi ina shida. Rubani naye anaambiwa anayefuata ni nani na atampata kwenye masafa gani. Katika parokia, ni viongozi wangapi wanaomaliza muda wao wakaondoka na daftari, ufunguo na siri za akaunti? Ni wangapi wanaokaa miaka baada ya miaka kwa sababu wanaamini ndege zote zitaanguka wakiondoka? Kukabidhi vizuri ni tendo la imani: tunakiri kwamba kundi ni la Kristo.

Nne, asiyeweza aseme. Kanuni za VATSIM zinamruhusu rubani kuigiza dharura, lakini mwongozaji aliyezidiwa anaweza kumwomba aiache, na rubani lazima atii. Hakuna aibu katika kusema "hili limenizidi". Kiongozi wa jumuiya aliyekutana na kesi ya ukatili ndani ya nyumba, au mtu aliyekata tamaa ya kuishi, asijaribu kuimaliza peke yake kwa sala na maneno mazuri. Ampeleke kwa paroko, kwa zahanati, kwa ustawi wa jamii, kwa polisi inapobidi. Kumpeleka mhitaji kwa anayeweza ni sehemu ya huduma.

Wapendwa, Bikira Maria wa Loreto alitangazwa na Papa Benedikto XV kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani tarehe 24 Machi 1920. Wengi wetu tunaisali Litania ya Loreto mwezi wa Mei na Oktoba bila kukumbuka uhusiano huo. Tunapoisali safari ijayo, tuwaweke mbele yake marubani na waongozaji wa kweli wanaolinda maisha ya ndugu zetu usiku na mchana, vijana wetu wanaotafuta mahali pa kutumia vipaji vyao, na wote wanaojitolea katika vigango vya Rugu na kwingineko. Tumwombee kila mmoja wao moyo wa kutoa, na pamoja na moyo huo, subira ya kufundishwa.

Kisha, baada ya sala, tupange siku ya mafunzo, na tuitangaze vizuri, na tuwaulize watu wamesikia saa ngapi.

Tumsifu Yesu Kristo!